Kabla ya kuosha brashi ya hewa, jua kikombe kilikuwa na nini

Mkanda wa tisa katika oda ya mikanda kumi na miwili ndio ulionifundisha kuosha brashi ya hewa, chombo changu cha kupulizia rangi. Mikanda minane ya kwanza ilikuwa ya kahawia iliyokolea, yenye weusi unaofifia kutoka ukingoni kuelekea katikati. Minne iliyobaki mteja aliitaka iwe ya rangi ya asali. Nilimwaga rangi nyeusi iliyobaki kikombeni, nikatia spiriti kidogo, nikapulizia kitambaa mpaka nikaona kinachotoka hakina rangi, kisha nikajaza rangi ya asali na kuendelea. Kwa dakika mbili hivi mambo yalikwenda vizuri. Nilipofika mahali palipotaka rangi nyingi zaidi, nikakivuta kifyatulio nyuma kuliko nilivyokuwa nimekivuta tangu nianze, na brashi ikatema vitone vyeusi saba au vinane, kila kimoja na ukubwa wa mbegu ya mchicha, katikati ya mkanda ambao nilikuwa nimeukata, nimeupiga nakshi na kuusugua kingo kwa siku nzima.

Rangi ikishanywewa na ngozi haifutiki. Mkanda ule niliupaka weusi wote, nikautoboa matundu ya kiuno changu, na mpaka leo ndio ninaouvaa nikiwa karakanani. Mteja alipewa mwingine, siku mbili baada ya tarehe tuliyoahidiana.

Usiku ule niliifungua brashi yote juu ya meza ili nijue weusi ule ulikuwa umejificha wapi. Kikombe kilikuwa kinang'aa. Weusi ulikuwa sehemu mbili: kwenye kijia kilicho chini ya kikombe, pale sindano inapopita kuelekea mbele, na ndani ya nozeli yenyewe, yaani mdomo mdogo wa mbele unaotoa rangi, nyuma kidogo ya tundu, ambako sindano ikiwa imefunga hubana utando mwembamba wa rangi kati yake na ukuta wa nozeli. Nilipokuwa nikisafisha nilivuta kifyatulio kidogo tu, kwa hiyo spiriti ilipita katikati bila kugusa kingo. Nilipovuta zaidi, sindano ilirudi nyuma, rangi mpya ikaingia palipokuwa pamefungwa, na kwa kuwa nayo ni ya spiriti, ikauyeyusha weusi uliokauka na kuubeba hadi kwenye mkanda wa watu.

Kwa asiyewahi kuishika, brashi ya hewa ni chombo cha ukubwa wa kalamu nene, chenye kikombe kidogo juu na mpira unaoleta upepo kutoka kwenye kompresa. Ukibonyeza kifyatulio chini, upepo unatoka. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi, tundu la nozeli linafunguka na rangi inatoka ikiwa ukungu. Ninazo mbili. Iwata Eclipse HP-CS, yenye nozeli ya milimita 0.35, ni ya kukolezea kingo na kutia vivuli kwenye nakshi. Badger Patriot 105, yenye nozeli ya milimita 0.5, ni ya maeneo makubwa na ya ng'arisho la mwisho. Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili yetu mafundi wa ngozi. Abner Peeler, Mmarekani wa Iowa, alitengeneza cha awali katika miaka ya 1870 kwa kazi ya picha, na Charles Burdick akapata hataza mwaka 1892 ya chombo kinachofanana sana na tunavyovitumia leo. Wapaka picha wale walitumia rangi za maji, ambazo zikikauka hulowana tena na kutoka. Sisi tumekichukua chombo chao tukakijaza vitu vyenye tabia tofauti kabisa, na humo ndimo matatizo yetu yote ya uoshaji yanamoanzia.

Mezani kwangu kuna rangi za namna mbili. Ya kwanza ni ile ninayoiita rangi ya spiriti, kama zile za Fiebing's za Milwaukee, ambamo rangi imeyeyushwa ndani ya alkoholi na huingia ndani ya ngozi badala ya kukaa juu yake. Ya pili ni ya akriliki, kama zile za Angelus, ambayo ni chembe za plastiki na rangi zilizotawanywa ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe zile hushikana na kuwa ngozi ya pili juu ya ngozi. Ng'arisho nyingi za kumalizia, ikiwamo Resolene, ninaziweka katika kundi hili la pili, kwa sababu ni akriliki iliyo ndani ya maji, hata kama haina rangi na inaonekana kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Rangi ya spiriti ikikauka ndani ya brashi huwa haijafa. Hata baada ya mwezi mmoja, spiriti ikiigusa inaamka na kutiririka upya. Kwa hiyo si rahisi kuziba nozeli nayo, lakini ni rahisi sana kuchafua kazi ya kesho kwa rangi ya jana. Akriliki ni kinyume chake. Ikiwa mbichi, maji ya bomba yanaiondoa yote; ikikauka, hata uimwagie maji ndoo nzima haitikisiki. Haichafui kazi inayofuata kwa kuyeyuka, bali inaziba, na baadaye hubanduka vipande vipande ambavyo hutoka nje wakati usioutaka. Mwenye rangi ya spiriti anaweza kuchelewa kuosha na akasamehewa. Mwenye akriliki hana muda huo, hasa Dar es Salaam saa saba mchana, ambapo rangi hukauka kwenye ncha ya sindano ukiwa ungali unapaka.

Balaa kubwa zaidi ni mbili hizi zikikutana. Akriliki ikimwagiwa spiriti inaganda papo hapo na kuwa kitu kama kamasi, kinachonata na kuvutika, na kikishaingia kwenye tundu la milimita 0.35 hakitoki kwa kupuliza. Niliwahi kufanya hivyo bila kujua: nilimaliza kutia rangi ya spiriti, nikaosha kwa spiriti, na kabla haijakauka nikajaza ng'arisho ya akriliki. Brashi ilipuliza kwa sekunde tatu ikanyamaza. Mara nyingine kosa huwa la upande wa pili, yaani mtu amemaliza kupaka akriliki, na kwa kuwa amezoea kuosha kwa spiriti, anaimimina spiriti moja kwa moja juu ya akriliki mbichi, kisha anashangaa kwa nini usafi umegeuka uchafu.

Kwa hiyo kabla sijagusa kitu chochote ninajiuliza kikombe kilikuwa na nini na kinakwenda kuwa na nini. Kama kilikuwa na spiriti na kinakwenda kuwa na spiriti, ninaosha kwa spiriti basi. Kama kilikuwa na akriliki, maji yanatangulia, maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu, na spiriti inakuja mwisho kabisa, baada ya akriliki yote kutoka, kwa ajili ya kukausha na kuondoa mabaki. Na kama ninatoka kwenye spiriti kwenda kwenye akriliki, ninaosha kwa spiriti, ninapuliza upepo mtupu mpaka ikauke, ninapitisha maji, ndipo ninajaza.

Spiriti yenyewe nayo inataka uchaguzi. Ile ya zambarau inayouzwa madukani inafaa kwa suuza ya kwanza, wala rangi yake haijawahi kunidhuru ngozi nyeusi, lakini kwa suuza ya mwisho ninatumia isopropili ya asilimia 99, ileile ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Jihadhari na baadhi ya spiriti za famasi zilizokusudiwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu, kwani huongezewa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe mwili. Mafuta hayo hayakauki. Yanabaki ndani ya brashi, yanaingia kwenye akriliki utakayojaza, na juu ya mkoba utaona vijiduara vidogo ambavyo rangi imekataa kukaa.

Katikati ya kazi, nikibadilisha rangi, siifungui brashi. Ninamwaga rangi iliyobaki kwenye chupa yake kupitia kipande cha soksi ya nailoni, kwa sababu rangi za spiriti huwa na mashapo ambayo ni heri yabaki kwenye soksi. Ninafuta kikombe kwa tishu ngumu, ninatia spiriti robo ya kikombe, na kwa brashi ndogo ya manyoya ninasugua kile kijia kilicho chini ya kikombe huku nikipeleka kifyatulio mbele na nyuma. Kisha ninapunguza presha hadi kama psi 10, ninaziba mbele ya brashi kwa tishu niliyoikunja na kuishika kwa kidole, na kubonyeza kifyatulio taratibu. Upepo usiopata njia mbele unarudi nyuma kupitia nozeli, na kikombe kinaanza kububujika kama chungu cha uji. Mbubujiko huo ndio unaotoa kilichojificha kwenye ukuta wa nozeli. Kifuniko cha kikombe kiwe kimefungwa, la sivyo utapata nakshi usiyoitaka kwenye shati. Baada ya hapo ninapulizia ndani ya chupa ya jemu niliyoitoboa kifuniko, kifyatulio kikiwa kimevutwa mpaka mwisho wake, kwa sababu mkanda wa tisa ulinifundisha kwamba nusu ya safari haitoshi. Ninarudia mpaka kinachotoka hakiachi alama kwenye karatasi nyeupe. Kutoka nyeusi kwenda asali huwa ni mara nne au tano; kutoka asali kwenda nyeusi mara moja inatosha, na ndiyo sababu siku hizi ninaanza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito, hata kama mteja wa mikanda myeusi ndiye anayepiga simu kila saa.

Jioni kazi ni nyingine. Ninafungua kifuniko cha nyuma, ninalegeza nati inayoshika sindano, na kuivuta sindano nyuma polepole, moja kwa moja, bila kuipinda. Ncha ya sindano hii ni nyembamba kuliko ncha ya sindano ya kushonea ngozi, na ikigusa ukingo wa chuma hata mara moja inakunjika. Ninailaza kwenye pamba iliyolowa spiriti, ninaibana kwa vidole viwili na kuivuta nikiizungusha, siku zote kuelekea kwenye ncha, kamwe si kutoka kwenye ncha. Rangi inayotoka humo hukushangaza. Sindano unayodhani ni safi huacha mstari wa kahawia kwenye pamba. Ncha ninaiangalia kwa lenzi chini ya taa, na kwa kuwa macho hudanganya, ninaipitisha pia juu ya ukucha wa kidole gumba huku nikiizungusha: kama kuna kikunjo, ukucha unakihisi kabla ya jicho kukiona.

Sindano ikiwa nje, ninafungua kofia ya mbele na kutoa nozeli. Mpangilio huu hauna mjadala: sindano inatoka kwanza, au angalau inarudishwa nyuma, ndipo nozeli iguswe. Wakati wa kurudisha, nozeli inaingia kwanza, na sindano inafuata, ikisukumwa kwa ncha ya kidole mpaka inaposimama yenyewe, kisha nati inakazwa. Anayeisukuma sindano kwa nguvu ili izibe vizuri anaipanua nozeli kama mtu anayeingiza kabari kwenye kuni. Nozeli ninaiacha ndani ya kizibo cha chupa chenye spiriti kwa dakika kumi, kisha ninaisafisha kutoka upande wake mpana, kwa kijiti cha meno nilichokichonga na kukilowanisha. Waya sitii, wala pini. Shaba ni laini, na mchubuko usioonekana ndani ya nozeli utauona kila siku kwenye kazi, rangi ikienda upande mmoja.

Kabla ya hizi mbili nilikuwa na brashi ya bei ndogo isiyo na jina, ambayo nozeli yake ilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele na ilifungwa kwa nyuzi kama za skrubu badala ya kukaa tu kama ya Eclipse. Kuna siku niliirudisha nikaona bado inavujisha upepo, nikachukua ile spana ndogo iliyokuja nayo, nikakaza. Ikalia kidogo. Kichwa cha nozeli kikabaki mkononi mwangu na nyuzi zake zikabaki ndani ya brashi.

Niliifunga kwenye kitambaa nikaipeleka eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza pampu na kompresa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?" Nikamfungulia kitambaa. Akaisogeza karibu na uso, akavaa miwani. "Hii nayo ni injini ya mdudu gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Ulikaza kwa spana?"

"Ndiyo, mzee."

"Kitu cha ukubwa huu ni vidole viwili, basi. Spana uliipeleka kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Alichukua tupa kuukuu ya pembe nne, ile nyembamba ya mafundi saa, akaichonga ncha kwenye jiwe la umeme huku akiipoza ndani ya kopo la maji, mpaka ikaweza kuingia kwenye tundu la ule uzi uliokatika. Akaibonyeza kidogo tu ili pembe zake zishike shaba, akaizungusha kushoto, taratibu, akiwa ameshikilia pumzi. Uzi ulitoka ukiwa umekwama kwenye ncha ya tupa kama pete kwenye kidole. Alinitoza bei ya soda mbili, nami nikaagiza nozeli nyingine, ambayo niliikaza kwa vidole. Kwa uvujaji uliokuwa umenipeleka kwenye spana, dawa yake ilikuwa mezani kwangu muda wote: nta ya nyuki tunayopakia nyuzi za kushonea. Chembe ndogo ikipakwa kwenye nyuzi za nozeli, mbali na tundu, inaziba upepo bila kulazimisha chuma. Rangi za spiriti haziigusi sana nta hiyo, ila ukitumia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, itayeyuka, na itabidi uipake tena.

Dalili ya uvujaji huo, kwa faida ya asiyeijua, ni vipovu ndani ya kikombe wakati unapuliza kawaida, bila kuziba mbele. Maana yake upepo umepata njia ya kuingia mahali pa rangi, na rangi itatoka kwa kukatakata kama bomba la mtaani maji yanaporudi.

Sindano iliyopinda ncha si ya kutupa. Fundi ngozi ana bahati hapa, kwa sababu tayari anao ukanda wa kunolea visu wenye dawa ya kijani. Ninailaza ncha juu ya kipande cha kioo, ninaiviringisha huku nikiibonyeza kwa ukucha mpaka kikunjo kilale, kisha ninaivuta juu ya msasa wa namba 2000 uliolowa, nikiizungusha, na kumalizia kwenye ukanda wa kunolea. Sindano iliyong'arishwa hivyo hukusanya rangi pungufu kwenye ncha yake kuliko hata ilipokuwa mpya. Nimefanya hivyo kwa sindano moja mara tatu. Mara ya nne ilikuwa imefupika kiasi kwamba haikuziba tena.

Kuhusu dawa za kuoshea, watu wananiuliza sana juu ya tina, kwa sababu ipo kila duka la rangi na inaondoa kila kitu. Ni kweli inaondoa kila kitu, pamoja na oringi, zile pete ndogo za kuzibia. Oringi nyeusi za mpira huvimba ndani ya tina, kifyatulio kinakuwa kizito, na zikikauka hupasuka. Zile nyeupe za tefloni ndizo zinazostahimili. Kama akriliki imekauka kabisa na isopropili imeshindwa kwa usiku mzima, nozeli peke yake, iliyotolewa, naweza kuiacha ndani ya tina kwa robo saa. Brashi nzima, hapana. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia nazo zinasifiwa kwa akriliki, na kweli zinailegeza, lakini bodi ya brashi ni shaba iliyopakwa kromiamu, na amonia ina ugomvi wa siku nyingi na shaba. Pale kromiamu ilipochubuka, amonia inaingia. Mimi nimeiacha. Tena usiloweke brashi nzima ndani ya kimiminika chochote usiku kucha, kwani upande wa nyuma, wenye springi na vali ya upepo, haukuumbwa kulowana, na uchafu wa mbele utaogelea mpaka huko.

Kulainisha ninalainisha mara moja kwa wiki: tone moja la mafuta ya brashi ya hewa kwenye sindano, nyuma ya mahali inapopita kwenye oringi, na tone jingine kwenye shina la kifyatulio. Badger wanauza yao kwa jina la Regdab, ambalo nililitamka kwa miezi kadhaa kama neno la Kijerumani kabla ya kugundua kwamba ni jina lao lililosomwa kinyumenyume. Mafuta ya kupuliza ya milango na minyororo, pamoja na yoyote yenye silikoni, yasikaribie meza ya ngozi. Silikoni inasafiri, ukiipaka kwenye kifyatulio asubuhi, jioni utaiona kwenye mkoba.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine ambaye hayumo ndani ya brashi. Kompresa inapoubana upepo wetu wenye unyevu, maji yanatengana na kukaa chini ya tangi, na wakati wa masika tangi langu la lita tatu hutoa kijiko kizima cha maji yenye kutu baada ya asubuhi moja ya kazi. Maji hayo yakipita kwenye mpira yanatoka mbele kama kitone, na kitone cha maji juu ya ngozi iliyosindikwa kwa magome huacha baka ambalo rangi hulionyesha badala ya kulificha. Nilikuwa nikiilaumu nozeli, nikiifungua na kuifunga, hali tatizo lilikuwa mita mbili nyuma yangu. Sasa ninafungua nati ya chini ya tangi kila mchana na kila jioni, kichujio cha maji nimekifunga karibu na brashi badala ya kukiacha kwenye kompresa, kwa sababu hewa ikipoa njiani hutoa maji mengine, na kabla ya kupaka ninapulizia kiganja kwa sekunde tano. Kiganja kikilowana, sianzi.

Uoshaji unapulizia spiriti hewani kuliko hata upakaji, na jambo hilo watu wanalisahau, wanavua barakoa mara tu mkoba unapokamilika. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa spiriti; inayofaa ni ile ya mpira yenye makopo mawili ya mkaa pembeni. Ninaosha uani, nyuma ya karakana, baada ya kuhakikisha kwamba jirani hajawasha jiko la mkaa. Siku moja nilimwomba dada wa mamantilie asogeze jiko lake, akanijibu kwamba yeye alitangulia hapo. Nikasogea mimi.

Siku hizi brashi zangu mbili zimegawana kazi. Ile ya Iwata nimeifunga uzi mweusi wa nta kwenye shingo na haionji kitu isipokuwa rangi za spiriti. Ya Badger ina uzi mweupe na ni ya akriliki na ng'arisho. Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Kaka, si zote zinaoshwa, kwa nini tuzitenge?" Nikampa mkanda wangu auangalie kwa ndani, upande ambao rangi nyeusi haikufika vizuri na vile vitone bado vinaonekana. Hajaniuliza tena, ingawa juzi nilimkuta akijaza Resolene kwenye ile yenye uzi mweusi, na mwenyewe akaishusha kabla sijasema neno.

Lipo jambo moja ambalo uoshaji hauliponyi. Kama umesafisha kila kitu, sindano imenyooka, upepo ni mkavu, na bado rangi inakwenda upande mmoja au inatoka kama mkia wa mkizi, itoe nozeli na kuitazama mdomo wake kwa lenzi, huku ukiigeuza mbele ya taa. Utaona ufa mwembamba kuliko unywele, ukianzia kwenye tundu kuja nyuma. Nozeli ya hivyo haizibiki kwa nta wala kwa solda, na kuiagiza kutoka nje huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mimi ninayo ya akiba kwa kila brashi, pamoja na sindano yake, vimebandikwa kwa utepe ndani ya kifuniko cha sanduku la zana, ndani ya kipande cha bomba la peni ili ncha isiguse kitu.